Gumegume, Kiini na Kibanzi: Istilahi za Ufundi wa Zana za Mawe

Akiolojia si taaluma ya wataalamu peke yao tena. Tangu Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai, 1959, na hasa tangu zilipogunduliwa nyayo za Laetoli mwaka 1978, wananchi wengi wamekuwa na hamu ya kujua mambo ya watu wa kale: walivyoishi, walivyokula na, zaidi ya yote, walivyotengeneza zana zao za mawe. Wanafunzi hupelekwa Olduvai na Isimila. Wazazi huwaongoza watoto wao katika majumba ya makumbusho. Huko Uingereza na Marekani hamu hiyo imepita hatua ya kutazama; wapo watu wasio wataalamu, wenye kazi zao za kila siku, ambao hukutana ili kujifunza kupasua mawe kwa mikono yao wenyewe kama walivyofanya watu wa kale.

Hamu hiyo ni jambo la kheri, lakini imetukuta hatujajiandaa kwa maneno. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi wake jinsi zana ya jiwe ilivyotengenezwa hulazimika kusema "jiwe", "kipande cha jiwe", "kipande kingine cha jiwe", mpaka msikilizaji asijue ni kipi kilichopiga na ni kipi kilichopigwa. Tena tatizo hili si la usemaji tu. Mtu anayeokota jiwe Isimila na kulitia mfukoni kwa kuwa ameambiwa ni "shoka", kisha akalikanyaga jiwe dogo lililo kando yake kwa kuwa ameambiwa ni "takataka", amefuata maneno aliyofunzwa. Istilahi mbaya katika fani hii huharibu ushahidi ambao hauwezi kutengenezwa upya. Kwa hiyo yafaa tuzitazame istilahi chache za msingi, tueleze maana zake, na tupendekeze zinazofaa.

1. Gumegume

Kiswahili kina neno la siku nyingi kwa jiwe ambalo Wazungu wa kale walilipenda kuliko yote: gumegume. Neno hili lilienea pamoja na bunduki za gumegume, yaani zile ambazo kipande cha jiwe kilichofungwa katika kifyatulio kiligonga chuma, kikatoa cheche za kuwasha baruti. Baadaye lugha ya mitaani ikalichukua neno hilo ikampachika mwanamume asiyefaa kitu; lakini maana ya jiwe haikufa.

Ni jambo la kutazamwa kwamba neno hili linatuunganisha na ufundi tunaouzungumza. Katika mji mdogo wa Brandon, Uingereza, mafundi walipasua mawe ya bunduki kwa vizazi vingi, na sehemu ya mawe hayo iliuzwa katika Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuziacha silaha za namna hiyo. Karibu na mji huo kuna mashimo yaitwayo Grime's Graves, ambako watu walichimba gumegume zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wakitumia pembe za kulungu kuwa sululu. Gumegume hupatikana ndani ya miamba ya chaki, na miamba hiyo ni mingi Uingereza, Ufaransa na Denmark.

Hapa ndipo inapozuka hatari ya kwanza. Kwa kuwa vitabu vingi vya Ulaya vinaitaja gumegume, baadhi ya wafasiri wameiita kila zana ya kale "gumegume". Hayo si sahihi. Zana za Olduvai kwa sehemu kubwa zilitengenezwa kwa mawe ya volkano, kama vile basalti, na kwa kwatsaiti iliyotoka katika kilima cha Naibor Soit. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hasa pande za Naivasha, mafundi wa kale walipenda obsidiani, jiwe jeusi lenye kung'aa ambalo ni kioo kilichozaliwa na volkano. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hizo zote ni gumegume, ataacha kuuliza swali lililo muhimu: jiwe hili limetoka wapi, na nani alilibeba? Tunapendekeza, basi, kwamba gumegume libaki jina la jiwe lile moja. Obsidiani iitwe pia jiwe kioo, kwa kuwa jina hilo hueleza sura yake. Na jina la jumla liwe zana za mawe, ambalo limekwisha kuzoeleka.

2. Kiini, nyundo na kibanzi

Ili istilahi zieleweke, kwanza kazi yenyewe ieleweke. Fundi hushika jiwe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika jiwe jingine, gumu na la mviringo. Hulipiga lile la kwanza karibu na ukingo, mahali ambapo nyuso mbili hukutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Pigo likiwa sawa, nguvu yake husafiri ndani ya jiwe, na kipande chembamba hubanduka upande wa chini. Kipande hicho huwa na makali ya kuweza kuchana ngozi ya mnyama. Pigo likiwa mbali mno na ukingo, jiwe halipasuki; likiwa karibu mno, ukingo husagika bure.

Jiwe linalopiga tunaliita nyundo ya jiwe. Jiwe linalopigwa ni kiini. Kipande kinachobanduka ni kibanzi cha jiwe. Mahali pigo lilipotua ni uso wa pigo. Chini yake, upande wa ndani wa kibanzi, huonekana uvimbe mdogo, ambao tunapendekeza uitwe nundu ya pigo. Na kutoka hapo huenea mikunjo kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa kokoto. Pale kibanzi kilipotoka, kiini hubaki na kovu. Kwa alama hizi mtaalamu hutofautisha jiwe lililopasuliwa na mkono wa mtu na jiwe lililopasuka lenyewe kwa jua au kwa kuporomoka mtoni, ingawa alama moja peke yake haitoshi, na hutazamwa zote pamoja.

Wako watakaolikataa neno kibanzi. Watasema kwamba kibanzi ni kipande cha mti. Na wasomaji wetu wa Kenya watacheka, maana kwao vibanzi ni viazi vya kukaanga. Tumelifikiria jambo hilo. Tulilipima pia neno kigae, tukaliacha kwa sababu kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na mwanaakiolojia hukuta vigae na vibanzi katika shimo moja; hawezi kuviita kwa jina moja. Kibanzi kina sifa inayotakiwa: ni kipande chembamba kilichotengwa na kitu kikubwa kwa nguvu. Mahali penye shaka, neno "cha jiwe" litaiondoa, na hakuna mlaji atakayedanganyika.

3. Kibanzi si takataka

Istilahi hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwa miaka mingi wataalamu wenyewe waliziona zile kokoto zilizopasuliwa upande mmoja kuwa ndizo zana, na vibanzi kuwa mabaki yaliyotupwa. Majina waliyotoa yalifuata fikra hiyo. Lakini watu walipoanza kutengeneza zana hizo wenyewe na kuzitumia, mambo yalionekana kwa sura nyingine. Louis Leakey alikuwa na desturi ya kupasua mawe na kumchuna mnyama kwa zana hizo mbele ya watazamaji. Baadaye Nicholas Toth, mtaalamu wa Marekani, alifanya majaribio mengi, na mwaka 1985 akaeleza kwamba viini vingi vya Olduvai na mahali pa namna hiyo ni mabaki ya kazi. Kilichokuwa kikitafutwa mara nyingi ni kibanzi chenyewe, kwa ajili ya makali yake.

Hivyo kile kilichoitwa takataka ndicho kisu. Na hata vile vibanzi ambavyo kweli vilitupwa vina faida. Huko Lokalalei, magharibi ya Ziwa Turkana, wataalamu waliviunganisha tena vibanzi na viini vyake vya miaka milioni 2.3 iliyopita, kama mtu aunganishavyo vipande vya sahani iliyovunjika, wakaweza kufuata pigo baada ya pigo la fundi ambaye hatutamjua kamwe. Mtu mmoja akichukua kibanzi kimoja kuwa kumbukumbu ya safari yake, pigo moja katika masimulizi hayo limefutika. Kwa sababu hiyo tunashauri neno "takataka" liachwe kabisa katika fani hii, na badala yake pasemwe mabaki ya ufundi.

4. Kitenzi chake

Kazi hii iitweje? Kuchonga ndilo neno la kwanza lijalo akilini, lakini kuchonga ni kuondoa kidogo kidogo kwa chombo chenye makali, kama afanyavyo mchonga vinyago. Nyundo ya jiwe haina makali. Kubangua, kama wanavyobangua korosho watu wa Mtwara, kunakaribia zaidi, kwa kuwa kuna pigo lililopimwa. Kasoro yake ni kwamba mbanguaji hutafuta kilichomo ndani na kulitupa ganda, na fundi wa mawe mara nyingi hufanya kinyume chake: hutaka kilichotoka nje. Tunaona kumegua ni bora. Kumegua ni kutenga kipande na kizima chake, na hakusemi ni kipi kitakachothaminiwa. Basi tutasema: fundi humegua kibanzi katika kiini kwa nyundo ya jiwe. Sentensi hiyo ni fupi, na kila kitu kina jina lake.

5. Shoka la mkono

Isimila, karibu na Iringa, ambako uchimbaji ulifanywa mwaka 1957 na 1958, pana zana kubwa zilizochongoka upande mmoja na kumeguliwa nyuso zote mbili. Olorgesailie, nchini Kenya, ziko vilevile kwa wingi. Wataalamu huziita kwa jina la Saint-Acheul, kitongoji cha mji wa Amiens nchini Ufaransa, mahali zilipochunguzwa katika karne ya 19. Hata hivyo baadhi ya zile kongwe zaidi miongoni mwa zilizopimwa umri zimetoka kwetu Afrika Mashariki: za Kokiselei, karibu na Ziwa Turkana, zina umri wa miaka milioni 1.76.

Vitabu vya shule vinaziita mashoka ya mkono. Jina hilo lina upungufu, kwa maana shoka kwa Mswahili lina mpini, na zana hii haikuwa nao. Tena ilitumika kuchinjia na kukatia nyama pamoja na kazi nyingine. Lakini neno likiisha kukaa vinywani mwa watu, kulitoa ni kazi kubwa kuliko kulileta. Tunaona libaki, na mwalimu aongeze maelezo kwamba mpini wa shoka hilo ulikuwa kiganja cha mwenyewe.

6. "Kabla ya historia"

Mwisho, tuligusie neno ambalo tungependa liepukwe. Wengi husema kwamba zana hizi ni za wakati wa "kabla ya historia". Usemi huo umenakiliwa kutoka lugha za Ulaya, ambako historia ilihesabiwa kuanzia kwenye maandishi. Kwa Kiswahili maana yake inakuwa kwamba watu hao hawakuwa na historia, na msikilizaji wa Kiafrika, ambaye amewahi kuambiwa maneno kama hayo juu ya babu zake wa juzi, ana haki ya kuyachukia. Zana za Lomekwi nchini Kenya, zilizotangazwa mwaka 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3, hizo nazo ni kurasa za historia, ijapokuwa hazina herufi. Yafaa kusema wakati wa kabla ya maandishi, au kutaja zama zenyewe: Zama za Mawe za Kale, za Kati na za Mwisho.

Mapenzi ya umma na wajibu wake

Wapenzi wa ufundi huu katika nchi za nje wamejiwekea mwenendo ambao nasi twaweza kuuiga. Baadhi yao, wanapomaliza kumegua mawe, huyazika mabaki yao pamoja na sarafu ya siku hizi, ili mchimbaji wa baadaye asidhani kwamba amekuta karakana ya kale. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajaribu kazi hii anaweza kutumia mawe ya kawaida ya kijijini, mbali na mahali pa kale, macho ya watoto yakikingwa na vibanzi vikikusanywa, maana makali yake hayana mzaha. Mahali pa kale penyewe ni pa kutazama tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu hivi, na kuvichimba au kuvikusanya bila ya kibali ni kosa.

Istilahi tulizozipendekeza hapa, yaani gumegume, jiwe kioo, nyundo ya jiwe, kiini, kibanzi cha jiwe, uso wa pigo, nundu ya pigo, kovu, kumegua, mabaki ya ufundi na wakati wa kabla ya maandishi, bado ni mapendekezo. Hazitakuwa na nguvu mpaka zijaribiwe darasani, katika makumbusho na katika vinywa vya waongozaji wa wageni. Tunawaomba walimu, waongozaji hao na wasomaji wote, hasa wale ambao katika lahaja zao wana neno la kazi ya kupasua mawe, watuletee maoni yao kabla ya orodha hii kupelekwa mbele.