Jinsi tishio la mgomo lilivyowakomboa wanasoka wa Uingereza

MASHABIKI wengi wa kandanda humu nchini wanaposikia kwamba nyota fulani wa Ligi Kuu ya Uingereza hulipwa zaidi ya Pauni 300,000 kwa wiki, hudhani ya kuwa wanasoka wa taifa hilo wamekuwa mabwanyenye tangu jadi.

Hali haikuwa hivyo. Hadi Januari 1961, hakuna mchezaji yeyote katika klabu 92 za ligi ya nchi hiyo aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya Pauni 20 kwa wiki wakati wa msimu, na Pauni 17 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Awe nahodha wa timu ya taifa au chipukizi hodari, hapo ndipo palipokuwa kikomo.

Kikomo hicho hakikuondolewa kwa huruma ya wamiliki wa klabu, wala kwa mabilioni ya televisheni, ambayo yalikuja miaka mingi baadaye. Kiliondolewa kwa mzozo wa kazi uliokaribia kuzaa mgomo wa nchi nzima.

Ili kuuelewa mzozo huo, sharti ifahamike kwamba wachezaji walifungwa kwa minyororo miwili, wala si mmoja.

Wa kwanza ulikuwa kiwango cha juu cha mshahara. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka wa 1901, kikomo kikiwa Pauni 4 kwa wiki. Kiliongezwa kwa kusuasua, na mwaka wa 1922 wamiliki hata walikipunguza hadi Pauni 8.

Haikuwa kwamba fedha zilikosekana. Katika msimu wa 1948-49 zaidi ya watu milioni 41 walilipa kiingilio kutazama mechi za ligi, ilhali waliokuwa wakitazamwa walipokea ujira usiozidi sana ule wa mfanyakazi wa kiwandani.

Mnyororo wa pili haukuonekana kwa urahisi, lakini ndio uliokuwa mzito zaidi. Chini ya kanuni zilizoanza miaka ya 1890, mkataba wa mchezaji ulipomalizika, klabu iliendelea kushikilia usajili wake. Iliweza kumbakisha, kumuuza au kumweka kando bila malipo, naye hakuruhusiwa kuchezea timu nyingine ya ligi mpaka waajiri wake wa zamani waridhie.

Kwa maneno mengine, mkataba ulikuwa na mwisho kwa upande wa klabu tu. Kwa mchezaji haukuwa na mwisho.

Yaliyomfika Tom Finney ni ushahidi tosha. Mwaka wa 1952, klabu ya Palermo ya Italia ilikuwa tayari kumpa winga huyo wa Preston North End Pauni 10,000 kwa kutia sahihi pekee, mbali na mshahara mnono na nyumba. Mwenyekiti wa Preston alikataa katakata, na hapo mambo yakaishia. Finney aliendelea kuichezea klabu hiyo hadi alipostaafu mwaka wa 1960, huku akifanya kazi ya ufundi wa mabomba ili kuongeza kipato.

Majaribio ya awali

Wachezaji walikuwa wamejaribu kujinasua mapema. Desemba 1907, Billy Meredith na wenzake wa Manchester United waliongoza kuundwa kwa chama cha kuwatetea. Miaka miwili baadaye, Shirikisho la Soka la Uingereza (FA) liliwaamuru wanachama wakihame, la sivyo wapigwe marufuku.

Wengi walisalimu amri, lakini wale wa Manchester United walikataa, na ikawabidi wafanye mazoezi wakiwa wametengwa. Hatimaye chama kilitambuliwa, ila kikomo cha mshahara na utaratibu wa usajili havikuguswa. Mwaka wa 1912 mchezaji Harry Kingaby aliishtaki Aston Villa mahakamani kuhusu utaratibu huo, akashindwa.

Kwa takriban nusu karne baadaye, ilikuwa mwenye nguvu mpishe.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1957, Jimmy Hill wa Fulham alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama hicho, ambacho kilipata jina jipya la Chama cha Wanasoka wa Kulipwa (PFA). Akisaidiwa na katibu Cliff Lloyd, Hill alidai minyororo yote miwili ivunjwe.

Novemba 1960, wachezaji walikutana London, Birmingham na Manchester kujadili mgomo. Masimulizi ya kikao cha Manchester yanaeleza kwamba kijana mmoja alisimama akasema babake huchimba makaa ya mawe kwa ujira mdogo kuliko wao, hivyo hawakuwa na sababu ya kulalamika.

Beki Tommy Banks wa Bolton Wanderers alimjibu kwamba kazi ya mgodini aliijua vyema, lakini hakuna maelfu ya watu wanaolipa kumtazama mchimbaji akiwa kazini, na kwamba mzee huyo asingeweza kumkaba Stanley Matthews. Ukumbi ulimshangilia.

Kura zilipohesabiwa, wachezaji 694 waliunga mkono mgomo na 18 pekee wakaupinga. Tarehe ikawekwa: Jumamosi, Januari 21, 1961.

Wamiliki walegea nusu

Mapema Januari wamiliki walikubali kuondoa kikomo cha mshahara, lakini wakang'ang'ania usajili. Msimamo huo ulifichua kile walichokithamini zaidi. Pauni chache za ziada wangeweza kuzivumilia, ila si mchezaji mwenye uhuru wa kuondoka.

PFA ilikataa nusu shari. Siku tatu kabla ya mgomo, Januari 18, pande zote zilifikia makubaliano katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Wizara ya Kazi, na mgomo ukafutwa. Muda si muda nahodha wa Uingereza, Johnny Haynes, akawa analipwa Pauni 100 kwa wiki na Fulham.

Hata hivyo, tishio la mgomo lilipopita, klabu zilirudi nyuma kuhusu ahadi ya usajili. Mnyororo wa pili ukabaki palepale.

Aliyeukata ni George Eastham. Mkataba wake na Newcastle United ulimalizika mwaka wa 1960, akakataa kutia sahihi mwingine na kuomba kuhama. Klabu ilikataa. Badala ya kupiga magoti, Eastham aliacha soka na kwenda kufanya kazi ya uuzaji kusini mwa Uingereza hadi Novemba mwaka huo, Newcastle ilipokubali kumuuza kwa Arsenal kwa Pauni 47,500.

Alikuwa amepata alichotaka, na angeweza kunyamaza. Lakini kwa ufadhili wa PFA aliendelea na kesi, na Julai 1963 Jaji Wilberforce wa Mahakama Kuu akaamua kwamba utaratibu wa kumzuia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ulikuwa kizuizi kisicho cha haki kwa mtu kujitafutia riziki.

Uamuzi huo ndio uliofungua njia. Mwaka wa 1978 wachezaji wa Uingereza walipata haki ya kuhama mkataba unapokwisha, ijapokuwa klabu ziliendelea kudai fidia. Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliiondoa fidia hiyo kwa raia wa Umoja wa Ulaya wanaohama kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Oktoba 2024, mahakama iyo hiyo iliamua katika kesi ya Mfaransa Lassana Diarra kwamba baadhi ya kanuni za FIFA kuhusu kuvunjwa kwa mikataba zilikinzana na sheria za umoja huo.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wamiliki hawakukosea kwa kila jambo. Walionya kwamba klabu za miji midogo zingeshindwa kuwahifadhi nyota wao, na kwa kiasi kikubwa ikawa hivyo. Preston ya Finney ilishuka kutoka divisheni ya kwanza mwaka wa 1961 na haijarejea humo hadi leo. Lakini usawa waliousifu uligharimiwa na wachezaji.

Mambo haya yanamhusu pia mwanasoka wa Kenya, ambaye kilio chake aghalabu ni mishahara isiyolipwa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Nazo kanuni za FIFA, tangu 2018, zinamruhusu mchezaji aliyenyimwa mshahara wa miezi miwili kuvunja mkataba, mradi aipe klabu notisi ya maandishi ya siku 15.

Hivyo basi, mchezaji anapoletewa mkataba, kiasi cha mshahara si swali la pekee. Sharti pia aulize ni lini, na kwa masharti gani, ataruhusiwa kuondoka. Wamiliki wa mwaka 1961 walilijua jibu la swali hilo vizuri. Ndiyo maana waliachilia fedha kwanza.