Utumbo Ulioingia Ndani ya Utumbo

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa wa tumbo uwezao kumwua mtoto mdogo kwa siku chache tu, na juu ya chombo kinachomsaidia daktari kuutambua.

Tazameni mkono wa kanzu ukisukumwa kwa ndani: nguo huingia ndani ya nguo. Utumbo wa mtoto nao huweza kufanya vivyo hivyo. Njia ya chakula huziba, damu haipiti vizuri, na mwisho utumbo huanza kufa. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miezi 3 hadi miaka 3.

Dalili zake ni hizi. Mtoto hulia ghafula kwa uchungu, akikunja miguu. Kisha hunyamaza, hata mama akadhani amepona. Baada ya kitambo kidogo hulia tena. Hutapika na kulegea. Baadaye huenda akatoa choo chenye damu na ute. Lakini msingoje damu, kwani mara nyingi huja kwa kuchelewa.

Daktari akilibonyeza tumbo kwa mkono tu, hawezi kuwa na hakika. Hapo ndipo inapofaa altrasaundi. Chombo hiki hupeleka mwilini sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti hugonga viungo na kurudi kama mwangwi wa mlimani, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa picha. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, katika Uskoti, walitangaza picha za tumbo za namna hii. Siku hizi ziko mashine ndogo zinazoletwa mpaka kitandani pa mgonjwa. Haziumizi, wala hazitumii eksirei. Utumbo ulioingiliana huonekana kama kitunguu kilichokatwa kati: duara ndani ya duara.

Ugonjwa ukijulikana mapema, mara nyingi utumbo hurudishwa kwa hewa au maji yanayotiwa kwa njia ya haja kubwa, bila kupasua. Ukichelewa, huenda mtoto akapasuliwa na kipande cha utumbo kikakatwa.

Basi jirani akisema, "Huo ni mchango tu, mpe dawa ya kuendesha," msimsikilize. Mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile. Mashine haimwoni mtoto aliyefichwa nyumbani.

Maswali ya kuandika:
1. Kwa nini mama asidanganyike mtoto anaponyamaza?
2. Altrasaundi hupataje picha?