Jani Si Dozi

Dawa ya mseto inayotolewa katika zahanati zetu kutibu malaria huanzia shambani, kwenye mmea wa Artemisia annua, qinghao kwa Wachina. Wengi huupa mmea sifa zote. Kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya ukamuaji, kwa sababu artemisinini, kiini chenyewe, mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa jani kavu, na huyeyuka kwa shida sana kwenye maji. Mwaka 1967 China ilianzisha Mradi 523, uliokuwa wa siri, kutafuta dawa mpya ya malaria. Mtafiti wa mradi huo, Tu Youyou, na wenzake mjini Beijing walipoujaribu mmea huu, leo ulifanya kazi, kesho ukagoma. Ndipo akasoma upya maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: loweka majani, kamua, kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akageukia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, kisha akaondoa sehemu yenye asidi, ambayo ilikuwa na sumu na haikutibu chochote. Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliwamaliza vimelea wote wa malaria katika panya wa maabara. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni njia ya kukitoa kiini.

Wapo watakaouliza: kama Ge Hong alitibu kwa maji ya majani, chai ya artemisia ina kosa gani? Swali ni la haki, hasa kwa anayeishi mbali na duka la dawa na ana mmea uani. Lakini kiasi cha kiini hubadilika kwa aina ya mbegu, msimu wa kuvuna na ukaushaji, kwa hiyo vikombe viwili vinavyofanana rangi na uchungu vinaweza kutofautiana sana kwa dozi. Homa inaweza kushuka huku vimelea wakibaki kwenye damu. Wengine hudai viambato vingine vya jani husaidiana na kiini. Huenda, bado hilo halimwambii mama amnyweshe mtoto wake kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa kutibu wala kuzuia malaria. Tena dozi pungufu huwapa nafasi vimelea sugu, na usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania.