Utambuzi wa Spishi za Mbung'o Zinazofanana kwa Kutumia Picha: Mfano wa Ukanda wa Ziwa Viktoria

Makala haya yanafafanua namna picha inavyosaidia kutofautisha nzi wanyonyao damu ambao kwa macho hufanana, pamoja na mpaka ambao picha haiwezi kuuvuka. Mkazo umewekwa kwa mbung'o, au ndorobo, wa jenasi ya Glossina, anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Kumtambua kimakosa si kosa la jina tu, kwa kuwa aina ya mtego na mahali pa kuutega hutegemea spishi iliyopo.

Hatua ya kwanza ni kubaini kama nzi aliyepigwa picha ni mbung'o. Mfugaji wa mjini, kwa mfano katika kata ya Mabatini jijini Mwanza, anaweza kuona mrija mgumu uliochomoza mbele ya kichwa cha nzi akadhani ni mbung'o. Hata hivyo, nzi wa zizini, Stomoxys calcitrans, ana mrija wa namna hiyo pia, naye huzaliana kwenye samadi na malisho yanayooza. Tofauti huonekana kwenye mabawa. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, ilhali nzi wa zizini huyaacha yametengana. Aidha, katikati ya bawa la mbung'o mishipa huzunguka sehemu yenye umbo la shoka. Picha safi iliyopigwa kutoka juu hutosha kuonesha alama hizo.

Hatua ya pili ni kubaini kundi, na hapa picha ya mgongo haitoshi. Ni lazima miguu ionekane. Glossina fuscipes fuscipes, anayeishi kwenye vichaka vya mwambao wa ziwa na kingo za mito, ana vipingili vyote vitano vya mwisho vya mguu wa nyuma vyenye rangi nyeusi. Mbung'o wa mbugani, kama vile Glossina pallidipes na Glossina swynnertoni wa Serengeti, wana weusi kwenye vipingili viwili vya mwisho tu. Miguu ya mbele na ya kati hutenganisha hao wawili: ya pallidipes haina ncha nyeusi, ya swynnertoni inazo.

Ugumu hujitokeza kati ya swynnertoni na Glossina morsitans, kwa kuwa miguu ya wote wawili ina ncha nyeusi. Wataalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini, au kupima vinasaba. Historia ya Shinyanga, kusini mwa Mwanza, inathibitisha kuwa ufanano huo wa nje huficha tofauti kubwa. Katika miaka ya 1940, mtafiti Vanderplank aliwaachia morsitans katika eneo la swynnertoni. Spishi hizo zilipandana, lakini uzao wao ulikuwa na ugumba mkubwa. Swynnertoni walipungua sana, na morsitans nao hawakuweza kustahimili ukame wa eneo hilo.

Umuhimu wa utambuzi sahihi ulidhihirika pia Unguja, ambako madume waliohasiwa kwa mionzi waliachiwa kati ya mwaka 1994 na 1997 hadi mbung'o wakatokomezwa. Kisiwa kilikuwa na spishi moja tu, Glossina austeni, na madume walioachiwa walikuwa wa spishi hiyohiyo. Vivyo hivyo katika mitego: fuscipes hunaswa kwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vinavyowekwa kando ya maji, ilhali pallidipes huvutwa zaidi na harufu ya ng'ombe. Kitambaa kidogo kisicho na harufu kikiwekwa mbugani kwa sababu ya picha iliyosomwa vibaya, gharama hupotea na mifugo huendelea kuugua.

Hivyo basi, kila nzi apigwe picha tatu: ya mgongo, ya ubavu inayoonesha miguu yote, na ya bawa lililokunjuliwa. Rula iwekwe kando yake, mahali na tarehe viandikwe, na nzi mwenyewe ahifadhiwe katika spiriti. Picha ikishindwa kutoa jibu, mwili wake utakuwapo kwa ajili ya hadubini.