Dhiki ya Nafsi kwa Waraibu: Kipimo Kimoja Hakitoshi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi heroini inavyomteka mtumiaji. Leo tuitazame dhiki anayokuja nayo kliniki: ni kubwa kiasi gani, na imetokana na nini?

Kipimo kimoja kinachotumika sana duniani ni cha Ronald Kessler wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilichochapishwa mwaka 2002. Kina maswali 10 kuhusu mwezi uliopita: uchovu, wasiwasi, kutotulia, huzuni, kukata tamaa, kujiona huna thamani. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, hivyo jumla huwa kati ya 10 na 50.

Sasa mfikirie mraibu aliyekesha bila unga, yaani heroini. Arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, imemshika: jasho linamtoka, viungo vinauma, usingizi hauji, kukaa hawezi, kusimama hawezi. Mwulize maswali hayo, atakujibu kwa ukweli wake wote na alama zitapanda. Lakini uchovu ule na kutotulia kule ni dalili za arosto vilevile. Karatasi haiwezi kuzitenganisha.

Muda ndio hutenganisha. Mfano unatoka kwenye pombe, si heroini: mwaka 1988 Sandra Brown na Marc Schuckit walichapisha utafiti wao kuhusu wanaume waliolazwa Marekani kwa sababu ya ulevi. Walipopokelewa, asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona. Baada ya wiki 4 bila pombe, walibaki asilimia 6.

Wapo wanaolisoma jambo hili vibaya, wakasema basi tusijali, dhiki ya mraibu itaondoka yenyewe. La hasha! Hao waliobaki ndio wanaohitaji tiba ya sonona pamoja na ya uraibu, na bila kupimwa tena hatutawajua. Tena, anayesema anataka kujiua hasubirishwi hata siku moja, iwe ni arosto au si arosto.

Tanzania tuna nafasi nzuri. Mwaka 2011 ilianza tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, katika Hospitali ya Muhimbili, na mgonjwa anayeanza tiba hiyo hufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Kumpima upya baada ya mwezi, mahali pa faragha, kwa sauti isiyomhukumu, ni kazi ya dakika chache.

Nawe mwenye ndugu anayeanza tiba, usione haya kumwuliza mhudumu: atapimwa tena lini?