Vipokezi vya Melatonini: Jinsi Mwili Unavyolitambua Giza

Katika usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa Ikombe, wilayani Kyela, huwasha taa juu ya Ziwa Nyasa ili kuwavuta usipa. Mwanga huohuo huipotosha saa ya mwili wa mvuvi.

Melatonini, iliyotambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake nchini Marekani, ni homoni itolewayo na tezi ya pinea ubongoni giza linapoingia. Homoni hiyo ni mjumbe tu. Ujumbe wake hupokelewa na protini zilizo kwenye utando wa seli, ziitwazo vipokezi. Binadamu ana vya aina mbili. Katika kitovu cha saa ya mwili, ndani ya ubongo, MT1 hutuliza seli za neva; MT2 huisogeza saa hiyo mbele au nyuma. Vipokezi hivyo vimo pia katika kongosho, ambako huathiri utoaji wa insulini.

Mwanga uingiapo jichoni usiku, hasa mweupe wa taa za kisasa, homoni hupungua na vipokezi hukosa ujumbe. Mchana nao, mvuvi hulala wakati saa yake inamtaka awe macho.

Kwa hiyo, anayelalamika kukosa usingizi aulizwe saa zake za kazi kabla ya kuandikiwa dawa. Arudipo nchi kavu, alale katika chumba chenye giza, kwa saa zilezile. Mwenye kisukari amweleze mhudumu kwamba hufanya kazi usiku, wala asibadilishe dozi mwenyewe.