Tutajuaje Kama Darasa la Awali Linamfaa Mtoto?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, taarifa za shule hutaja idadi ya watoto walioandikishwa darasa la awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na tangu 2016 hutolewa bila ada katika shule za umma. Hata hivyo, uandikishaji huonesha waliofika, hauoneshi walichokipata.

Kutathmini matokeo ni kuuliza: mtoto huyu angekuwaje lau asingepitia darasa hilo? Kwa kuwa mtoto hukua hata akiwa nyumbani, hulinganishwa na wenzake wa hali moja naye ambao hawakulipitia.

Mwaka 1962, mjini Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, ulianza utafiti wa watoto 123 wa familia maskini: 58 walisoma awali, 65 hawakusoma. Baada ya miaka michache, tofauti katika majaribio ya akili ilififia. Watafiti wangeishia hapo, wangesema fedha zimepotea. Lakini walipofika umri wa miaka 40, waliosoma awali walikuwa na kipato kikubwa zaidi, na waliowahi kukamatwa na polisi miongoni mwao walikuwa wachache zaidi.

Katika jimbo la Tennessee mambo yalikwenda kinyume. Watoto walioingia madarasa ya awali ya serikali kwa bahati nasibu walimaliza mwaka wakiwa mbele. Kufikia darasa la sita walikuwa nyuma ya wenzao waliokosa nafasi. Kuwapo kwa darasa, basi, si hakikisho la faida.

Kwa hiyo, mwananchi anaposomewa taarifa katika mkutano wa kijiji au wa wazazi, aulize mambo manne. Je, watoto walioandikishwa huhudhuria? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi, ilhali kiwango ni 25? Je, hujifunza kwa michezo na vitendo, au hukaririshwa tu? Na wafikapo darasa la pili, waliopitia awali wanawazidi wenzao katika kusoma, kuandika na kuhesabu?

Jibu la swali la mwisho lipokewe kwa uangalifu, maana huenda waliopelekwa awali wanatoka katika kaya zenye uwezo zaidi. Mzazi naye atoe taarifa sahihi za umri na mahudhurio ya mwanawe: takwimu zikipotoka, fedha za umma huelekezwa pasipohitajika, na mtoto mwenye uhitaji hukosa.